Betri Nne Nyuma ya Kanga

Majina ya watu mimi hayanipotei. Waliokaa na mimi benchi la mbele kwenye darasa la ngumbaru, wakati ule mimi ni mama wa watoto wawili na kalamu sijawahi kuishika, nawakumbuka wote kwa mpangilio: Mwanaheri mke wa Dalali, Sikujua binti Omari, mimi, halafu Pili binti Salehe aliyekuwa na mimba ya Hamisi, huyu huyu Hamisi ambaye sasa ni seremala mwenye mvi. Muuza mkaa aliyenipakia kwenye pikipiki siku mbaya nitakayoieleza anaitwa Chande, na nilikuwa naye kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo nisipomtaja huyu mtu jina, asije mtu akasema bibi kazeeka. Jina lake ninalo. Silitoi. Nitamwita Mwalimu, kama mtaa wetu wote wa Sofu unavyomwita, kwa sababu hilo ndilo alilolitaka siku zote, na hilo ndilo alilolichezea.

Nianze na habari ya shikamoo, maana ndiyo iliyonikalia kooni.

Mimi nimemzidi miaka. Alipoletwa hapa Kibaha kufundisha, ndevu zilikuwa hazijamkaa sawa, mimi nimeshazaa na nimeshazika. Siku ya kwanza ya ngumbaru akatuambia humu ndani hakuna mkubwa kwa umri, kuna mwalimu na wanafunzi, na mwanafunzi ndiye anayeamkia. Tukasimama, wake za watu na bibi za watu, tukasema shikamoo Mwalimu. Akajibu marahaba kama mtu anayerudishiwa kilicho chake. Sawa, darasani. Lakini darasa lile lilikwisha zamani, jengo lenyewe leo lina mashine ya kusaga, na yeye aliendelea. Mkikutana njiani alipunguza mwendo, akanyanyua kidevu, akangoja. Na mimi nikatoa. Marehemu mume wangu Selemani alikuwa akinicheka, anasema wewe mwanamke unamwamkia mtoto. Nikamjibu kwamba mtoto huyo ndiye aliyenishika mkono nikaandika Mwanamvua, herufi tisa, na hakuna mwingine aliyejisumbua. Basi nikawa nalipa shikamoo kwa herufi tisa, mwaka hadi mwaka, kama deni lisilopungua.

Alikuwa na ugonjwa wa kusema nusu. Sentensi anaianza, anafika katikati, anaiacha hewani na kukutazama mpaka uimalizie. "Maji huchemka yakipata...?" Na sisi, watu wazima na akili zetu: "Mooto." Hakuiacha shuleni tabia hiyo. Alifanya hivyo kwenye vikao vya mtaa, alifanya kwenye harusi, alifanya kwa daktari. Mkewe, Mama Rehema, aliwahi kuniambia huku akicheka mpaka machozi kwamba hata mezani husema, "Mchuzi huu umekosa...?" na yeye hujibu, "Chumvi, Baba Rehema," na kumsogezea kopo. Mama Rehema alikuwa mwanamke wa kucheka. Mtu mzima, mikono imekunjamana, lakini kucha nyekundu kila siku ya Mungu, chupa ya rangi haimwishi mkobani. Watu walimsema. Mimi nilimpenda. Sijui aliipata wapi subira ya kuishi na kile kidevu.

Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi ambao ungeweza kukatia mkate. Mfukoni kalamu tatu, nyeusi, buluu na nyekundu. Ile nyekundu ilikauka wino miaka mingi iliyopita, nilijua kwa sababu aliwahi kujaribu kuniandikia namba akaikwaruza karatasi mpaka ikatoboka. Hakuitupa. Nyekundu ndiyo ya kusahihishia wengine, bila hiyo angejiona yuko uchi.

Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kusimama kutuhimiza tukae kwa foleni wakati wa chakula, na wa kwanza kunawa. Nimeosha maiti wengi mtaani hapa, kwa hiyo nimehudhuria misiba mingi, na sijawahi kuona sinia la wali linafika kwa watu kabla halijapita kwake. Angesema anakagua.

Lakini kuna jambo la haki lazima niliandike, si kwa kuwa napenda, ila kwa kuwa ni kweli. Selemani alipofariki, mafao yake yalikwama ofisini. Mwalimu aliniandikia barua mara tatu. Mara zote tatu alivaa viatu vyake akazipeleka mwenyewe kwa miguu hadi Maili Moja, juani, na hakuchukua hata soda. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Mtu huyo huyo. Nimejaribu kuwapata wawili ndani yake ili mmoja nimheshimu, nikashindwa. Ni mmoja tu.

Sasa betri.

Miaka hii ya karibuni ilikuja kampuni moja na vigari vya umeme, vidogo, vya kubebea mizigo, mfano wa kirikuu. Havingurumi. Vijana wakavipa jina nyamaza, na jina likashika. Nyamaza haina tangi la mafuta. Chini ya kiti kuna nafasi ya betri nne, kila moja kubwa kama dumu la maji na nzito vilevile. Zikiisha, huliunganishi gari ukutani ukakaa nusu siku unalitazama. Unaingia kwenye kibanda cha kampuni, unatoa zako nne zilizokwisha, unapewa nne zilizojaa, na kabla hujamaliza kusalimiana umeshaondoka. Zako zinabaki pale zinachajiwa, anapewa mwingine. Ni kama mtungi wa gesi.

Na habari ya mtungi wa gesi mimi naijua. Binti yangu Hadija alininunulia mtungi mpya, rangi inang'aa. Ulipoisha nikaupeleka dukani kwa Massawe, nikarudishiwa ulioliwa na kutu mpaka shingoni. Nikamwambia Massawe huu si wangu. Akanijibu, "Bibi, unanunua gesi, hununui chuma." Nilirudi nyumbani nikapikia kuni mwezi mzima kwa hasira. Kwa hiyo kampuni ilipokuja kuitisha kikao pale karibu na uwanja, kutaka mtu mwaminifu wa kusimamia kibanda cha Sofu, watu wote walisema Mwalimu, na mimi mkono niliunyoosha, lakini nilimuuliza swali. Nikasema, je, nikileta nzima nikapewa mbovu?

Akacheka. Akatoa kalamu nyekundu. "Mwanamvua, kaa chini. Ndiyo sababu kuna msimamizi. Iliyojaa kwanza inatoka kwanza, hakuna kuchagua. Nzima na chovu zinazunguka, leo wewe, kesho mwenzako. Betri si yako, wala si yangu. Betri ni ya...?"

Kikao kizima kikajibu, "Ya wooote." Na mimi nilijibu.

Alilisema hilo kila siku iliyofuata. Aliliandika kwa chokaa juu ya mlango wa kibanda. Dereva akichelewa kurudisha betri alihubiriwa kama mtoto aliyeiba chaki. Athumani, kijana mmoja wa nyamaza aliyeachia shule darasa la tano, alipata betri nne nzuri akalala nazo nyumbani siku tatu, chini ya kitanda. Mwalimu alikwenda kwake na mgambo. Mama mkwe wa Athumani alikuwa amekuja kutembea siku hiyo, amekaa ukumbini anakunywa chai, na Mwalimu akazitoa betri moja moja akizipitisha mbele ya magoti ya yule mama, huku akiuliza, "Hii tunaita nini? Tunaita wi...?" Mama mkwe wa watu akaimalizia.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa Hadija, naye anaendesha nyamaza. Hubeba mihogo kutoka Masaki, ile ya mashambani, si ile ya mjini, kuleta soko la Kibaha. Mwalimu alimfundisha darasa la tatu na neno lake kwake lilikuwa sheria. Ikitokea siku kapewa betri nzuri, za kwenda Masaki na mzigo na kurudi, mimi humwambia, lala nazo hizo. Anasema, "Bibi, si zangu." Namwambia wenzio wanafanya hivyo. "Mwalimu kasema." Anazirudisha asubuhi, anapewa zilizochoka, anashinda siku nzima akihesabu vilima.

Maana betri huzeeka kama mtu. Kioo cha gari kinasema imejaa, na imejaa kweli, ila kifua chake kimekuwa kidogo. Ukiipandisha mlima inakata.

Mle kibandani, kwenye rafu ya chini kabisa, palikuwa na kanga ya zamani ya Mama Rehema, imetundikwa kama pazia, jua limeifuta maandishi yote. Nyuma ya kanga betri nne. Kila moja ina doa jekundu kwenye mpini, rangi ya kucha, na Mama Rehema mwenyewe alikuwa akilalamika kwa wanawake kisimani kwamba chupa yake inakwisha haraka siku hizi. Ukimuuliza Mwalimu zile je, alijibu, "Mbovu, zinasubiri fundi." Madereva wote waliziona. Waliona pia kwamba kila jioni nyamaza ya Mwalimu mwenyewe iliingia kinyumenyume kwa taabu mpaka mlangoni, mlango ukafungwa, ukafunguliwa, na asubuhi kanga imekaa vingine.

Na alikwenda nazo wapi? Hapa ndipo ninapomdharau kuliko mahali pengine popote. Angekuwa anakwenda mbali ningesema tamaa, na tamaa ninaielewa. Mwalimu alitoka nyumbani kwake hadi kibandani, kibandani hadi msikitini, msikitini hadi nyumbani. Kuku walimpita. Alikuwa akiendesha ameshika usukani kama ameshika sinia la mayai, na gari lile alilisugua kwa sabuni ya kuogea ya mkewe. Betri za kumfikisha mtu Masaki na kumrudisha, yeye alikwenda nazo kuswali.

Kwa nini hatukusema? Nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu Sofu nzima imefundishwa kusoma na yeye. Ukitaka kumwambia muongo, mdomo unakumbuka nani aliufundisha herufi.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mwajuma, aliolewa Masaki akabaki huko na mikorosho yake. Kuosha maiti alitufundisha mama, sisi wawili, na mama mwenyewe tulimuosha sisi, mimi kichwani, yeye miguuni. Tulipomaliza tukakaa uani kukausha mikono, Mwajuma akaniambia, "Dada, atakayetangulia aoshwe na aliyebaki. Usiniachie mikono ya watu." Nikamwambia sawa. Hatukulirudia tena neno hilo. Halikuhitaji kurudiwa.

Halafu ile siku mbaya, Shabani, mwanawe wa kwanza, akanipigia saa moja asubuhi. "Mama mkubwa, mama ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri. Maji hatuyagusi mpaka ufike."

Zuhura alikuwa na nyamaza mlangoni. Tukapitia kibandani kubadilisha betri, na Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni na daftari. Zuhura akamwamkia, akamweleza. "Mwalimu, tumefiwa Masaki. Bibi ndiye anayekwenda kuosha. Leo nakuomba zile za chini."

Mwalimu akaangalia ndani ya gari nilikokaa. Akanyanyua kidevu. Alikuwa anangoja shikamoo yake. Na mimi, na msiba wangu kifuani, nikampa. Akaitikia, ndipo akasema, "Zile mbovu, zinasubiri fundi. Chukueni za foleni. Kanuni haijui harusi wala msiba."

Tukachukua za foleni. Kioo kikasema zimejaa.

Tulikata njia ya ndani. Tulipofika Soga, kwenye ile stesheni ya treni mpya, kioo kilisema asilimia sitini. Zuhura hakuniambia, lakini nilimwona amezima feni na redio. Baada ya hapo barabara ni ya vumbi na inapanda. Gari la mafuta likitaka kukata roho hukohoa, hukupa habari. Hili lilinyamaza vilevile kama lilivyokuwa limenyamaza likiwa zima. Nilijua tumesimama kwa sababu mihogo ya pembeni imeacha kusogea.

Zuhura alitoa betri akazirudisha, akazipanga upya, akazipapasa kama mtu anayetafuta homa. Palikuwa kimya sana. Kila pikipiki iliyopita ilikuwa imejaa. Shabani akapiga, nikamwambia tunakuja. Akapiga tena, nikamwambia tunakuja. Mara ya tatu hakuuliza tuko wapi. Akasema, "Mama mkubwa, shehe anasema jua linakwenda."

Nikamwambia, "Mpe Tatu maji."

Tatu ni mwosha wa kule. Mikono yake ina haraka. Nimeosha naye, najua. Hana ubaya, ila anaosha maiti kama anayefua, na mimi ndiye niliyemruhusu, kwa mdomo wangu, nimekaa kwenye kiti cha gari jipya.

Chande wa mkaa ndiye aliyesimama. Alishusha gunia moja akamwachia Zuhura alichunge, nikapanda mahali pa gunia. Nilifika wanaume wanarudi na majembe. Uani nyuma ya nyumba ya Mwajuma ardhi ilikuwa bado imeloa maji ya kuoshea. Nikasimama pale penye maji. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa vumbi la mkaa, na mtu mmoja akaniletea kopo ninawe.

Kwenye matanga, Mama Rehema alikuja mpaka Masaki, akakaa mkekani siku tatu, akamenya viazi na kucha zake nyekundu. Hakumtaja mumewe, na mimi sikumuuliza. Mumewe hakuja.

Haikupita muda kampuni ikamtuma Neema, dada mmoja mwembamba mwenye buti, kwa sababu madereva wa Sofu walikuwa wanakwama kila kona. Alikuja na kipimo kinachofanana na pasi. Akaanza rafu ya juu, anapima, anaandika: hii imechoka, hii nusu, hii ya kutupa. Madereva wamejazana mlangoni, na mimi nimo, nilikuwa natoka kwa Massawe. Neema akainama, akaishika kanga.

Mwalimu akasema hizo mbovu.

Neema akavuta kanga, akapima moja, akapima ya pili, akaendelea mpaka ya nne. "Mwalimu," akasema kwa adabu kabisa, "hizi ndizo nzima kuliko zote humu. Hizi ni za nani?"

Hakuna aliyepanga. Lakini lile lilikuwa swali, na madereva walikuwa wamefundishwa vizuri. Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya darasani, "Za wooote."

Mwalimu akagusa kalamu zake. "Nilizihifadhi," akasema. "Kwa dharura."

Zuhura alikuwa nyuma yangu. Hakupandisha sauti. "Na msiba ni nini, Mwalimu?"

Akamtazama kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo halijafundishwa. Midomo ikafunguka. Tukangoja, watu wote wale, tukangoja kama yeye alivyotuzoeza kungoja. Kisha akainama, akaikunja ile kanga vizuri, pembe kwa pembe, akaondoka nayo kwapani.

Funguo za kibanda akapewa Athumani. Athumani hajui kuhutubia. Ana ubao na chaki, kila betri ina alama yake na siku iliyotoka, iliyochoka inakwenda kwa wa safari fupi na iliyo nzima kwa wa safari ndefu, na anayekwenda msibani au hospitali anapita mbele. Hiyo akili kaitoa wapi, na darasa la tano lake, mimi sijui. Mwalimu naye akawa anapanga foleni na wenzake. Kwa kuwa safari yake ni fupi, alipewa zilizochoka. Ijumaa moja nyamaza ilimkatikia mbele ya msikiti watu wanatoka, vijana wakamsukuma, na yeye kakaa ndani, kanyooka, ameshika usukani anawaelekeza kulia na kushoto.

Mimi niliacha kumwamkia. Mara ya kwanza ilikuwa dukani kwa Massawe. Akapunguza mwendo, kidevu juu. Nikamgeukia Massawe nikauliza bei ya gesi. Mwalimu akasimama pale kitambo, akingoja, kama anavyongoja mtu amalizie sentensi yake. Massawe akatutazama mmoja mmoja, akaniambia bei. Nikaondoka. Tukakaa hivyo, yeye na kidevu, mimi na njia yangu, mpaka mwaka huu baada ya Iddi.

Ilikuwa asubuhi, nimetoka tu kuswali, sijawasha hata jiko. Nikasikia mtu anapiga hodi. Nje palikuwa na nyamaza na yeye amesimama kando yake. Suruali haikuwa na mstari. Mfukoni hamna hata kalamu moja.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

Tangu nimjue mtu huyu neno hilo sikuwahi kulisikia linatoka kwake kuja kwangu. Sikujibu. Nilimwangalia.

"Mama Rehema..." akasema, na sentensi ikabaki nusu. Safari hii hakuwa ananiuliza. Alikuwa hawezi. Nikaimalizia mimi.

"Amefariki."

Akakubali kwa kichwa. "Alisema uoshe wewe. Alisema asimguse mtu mwingine."

Nikamwambia ngoja nichukue kanga. Nilipotoka alikuwa amenifungulia mlango wa gari. Nikapita. Kwake si mbali, na miguu ninayo. Yeye akaja nyuma yangu na nyamaza, kwa mwendo wangu, barabara nzima ya Sofu. Gari lile halina sauti, sikulisikia hata mara moja. Nilijua yuko nyuma kwa sababu kila aliyetuona alisimama, kwanza akinitazama mimi, kisha akitazama nyuma yangu.

Tuliingia chumbani mimi, binti yake Rehema, na Zuhura wa kunipokeza maji. Mama Rehema alikuwa mwepesi, ugonjwa ulikuwa umemla. Lakini kucha zilikuwa nyekundu, rangi ile ile, imepakwa si zamani. Rehema akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alimwomba baba ampake juzi, na baba alimpaka, ndiyo maana imetoka nje ya kucha. Akaniuliza kama tunaweza kuiacha. Nikamwambia hapana mwanangu, maji lazima yafike. Akaenda kuleta asetoni na pamba.

Nikaziondoa moja moja. Mkono wa kulia, kidole kwa kidole, mkono wa kushoto, halafu miguu. Rangi iliyotoka pembeni ya kucha niliifuta pia, taratibu, kwa ncha ya pamba. Zuhura aliona doa jekundu kwenye pamba, akanitazama, na mimi nikamwambia alete maji mengine. Nilimuosha kichwa kama ninavyojua kuosha kichwa. Nilikuwa nafikiria kichwa kingine. Nje walikuja kuuliza mara moja kama tuko tayari, nikawaambia hatuko tayari, na hawakurudi. Hakuna aliyesema jua.

Tulipomaliza nikatoka uani kukausha mikono. Mwalimu alikuwa amesimama ukutani, mahali ambapo pana kamba ya nguo, na ile kanga iliyofutika maandishi imeanikwa nyuma yake. Akaniuliza kama nimemaliza.

"Nimemaliza. Ameoshwa kama alivyotaka."

Akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema la Masaki. Nilimpa nafasi, nilikunja kanga yangu pole pole, nikavaa ndala moja, nikavaa ya pili. Alichosema ni kwamba gari lipo, Athumani amempa betri nzima leo, nne zote, anirudishe. Nikamwambia betri hizo awape wanaotoka mbali kuja kuzika.

Nikarudi kwa miguu. Watu waliniuliza njiani ilikuwaje, nikawaambia salama. Zuhura, jioni tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza kwa nini sikumwitikia mzee wa watu, naye kaniamkia mbele ya mlango wangu, na kafiwa. Anadhani nilikosa kusikia.

Nilisikia. Marahaba ninayo. Naihifadhi kwa dharura.